Ramani Iliyolazwa Kifudifudi

Ulitazama pembeni. Usianze kujitetea, hujaulizwa bado. Siku ya baraza hapa Kisaka, Rhobi aliposimama na kuuliza swali lake mbele ya watu, ulikuwa umekaa pale kwenye magogo, au umesimama nyuma na wenzako mkijifanya mnaongea habari za pamba. Na kama hukuwepo, ulisimuliwa jioni ile ile, ukasema, "Hayo ni mambo ya mji wa Waitara," ukaendelea kula. Haya, leo kaa usikie yote, na tutaanza na yule uliyempigia makofi.

Mwalimu Hezekia Magige alifundisha hesabu katika shule ya misheni. Kaptura yake ya khaki ilipigwa pasi ya mkaa hata siku za mvua, soksi zilipanda mpaka chini ya magoti, na penseli ilikaa nyuma ya sikio hata kanisani. Alikuwa na akili, hilo hatumnyimi. Ndiyo maana anastahili kuchukiwa kuliko wajinga waliomzunguka, maana mjinga akitumbukia shimoni tunamvuta, lakini huyu aliliona shimo, akalipima upana, akamwonyesha mama yake pa kukanyaga.

Somo alilolipenda kuliko watu ni la maumbo. Alikata ngozi ya ndama, akatoa pembetatu mbili zinazolingana, zenye manyoya upande mmoja na upande wa pili mweupe wa nyama. Akaziweka mezani mbele ya darasa la saba.

"Nataka hii ilale juu ya ile, barabara," alisema. "Bila kukata, bila kuvuta. Kuna njia tatu. Ya kwanza, unaisukuma kama unavyosukuma sinia. Ya pili, unaizungusha kama jiwe la kusagia. Hizo mbili, manyoya yanabaki juu. Njia ya tatu?"

"Kuigeuza, mwalimu!"

"Kuigeuza. Ikigeuzwa, pande ni zile zile, pembe ni zile zile, lakini kulia kumekuwa kushoto. Na ukishaigeuza, hata uizungushe mpaka fisi aote mapembe, hairudi ilivyokuwa. Itabidi uigeuze tena. Kwa hiyo usiniambie umeizungusha wakati umeigeuza. Nitaona nyama."

Aliyejaribu kumdanganya kwenye jambo hilo alichapwa, na Hezekia alichapa kwa raha, kama mtu anayeitetea imani. Kushoto na kulia, kwake yeye, vilikuwa vitu vitakatifu. Kumbuka hivyo.

Mwaka huo ikaja amri ya bwana shauri, Mzungu mkuu wa wilaya, kwamba miji ya bonde la chini, yaani maboma yetu na mashamba yake, ihame, kwa sababu ya mbung'o, ipande juu kando ya kijito kile kile. Hatukuulizwa. Tulikusanywa tukaambiwa, na anayetukusanya siku zote ni yule yule Selestine, mwanangwa wetu, yaani yule anayelipwa na serikali ili awe mkubwa juu ya watu waliomzaa. Tunamkumbuka tangu vita, alipokuwa akichagua vijana wa kwenda kubeba mizigo ya Wazungu. Kidole chake kilizunguka vijiji vyote kikaruka mlango wa mama yake. Huyo ndiye aliyetuambia: "Msiogope. Kila mji utahamishwa kama ulivyo. Umbo lile lile, ukubwa ule ule. Ni kama kuinua chungu na kukiweka jiko la pili."

Karani Simioni akapita na kamba na vigingi, akachora kila mji kwenye karatasi nyembamba iliyopakwa mafuta. Halafu, akiwa ofisini, akaihamishia michoro hiyo kwenye ramani kubwa ya makazi mapya. Alifanyaje? Alilaza karatasi kifudifudi, penseli ikitazama chini, akasugua mgongo wake kwa kijiko mpaka risasi ya penseli ikashika kwenye ramani. Kazi safi ya mtu mvivu. Kitu kikichapwa kifudifudi kinatoka kimegeuka. Miji mitatu aliyoifanya hivyo, alipochoka kunakili kwa mkono, ilitoka imegeuka. Wenye miji miwili walikuwa wanaume wenye sauti na mikuki. Walifoka siku ile ile, Simioni akatoa raba, akafuta, akachora upya, akaomba radhi. Mji wa tatu ulikuwa wa marehemu Waitara. Huko walibaki wajane wawili.

Sasa elewa mji ule ulivyokaa. Simama zizini katikati, utazame langoni. Mkono wako wa kulia ni nyumba ya Rhobi, mke mkubwa, na nyuma yake shamba lake la udongo mweusi linaloteremka mpaka kijitoni. Mkono wa kushoto ni nyumba ya Kezia, mke mdogo, na shamba lake dogo la changarawe. Katika ukoo wa Waitara, mkono ndiyo sheria yenyewe. Nyumba ya kulia ndiyo nyumba kubwa. Mtoto wake ndiye anayeshika lango, ng'ombe na kigoda cha baba. Mtoto wa Rhobi ni Marwa, ambaye wakati huo alikuwa Kericho akichuma chai ya watu. Mtoto wa Kezia alikuwa bado ananyonya, na mjomba wa mtoto huyo anaitwa nani? Selestine. Umeanza kusikia harufu? Basi kaa, chungu bado hakijafunuliwa.

Huko juu, kijito kilikuwa upande ule ule, na lango lilitazama kule kule. Mji tu ndio uliogeuzwa. Kwa hiyo vigingi vya Rhobi vikaangukia kushoto, kwenye majabali, na vya Kezia vikaangukia kulia, majini.

Rhobi alipanda kwenda kuona vigingi, akashuka moja kwa moja mpaka nyumbani kwa Hezekia. Ilikuwa Jumapili, watu wametoka kanisani. Hezekia alikuwa mtoto wa dada yake Rhobi. Alipofiwa na mama yake, Rhobi ndiye aliyemlea, akamtwangia ulezi, akauza kuku zake ili avae sare. Hakumkumbusha hayo. Angemkumbusha mtu gani ambaye shavu lake lilikuwa bado linang'aa kwa siagi yake?

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mura, kijana wangu. Mimi kule juu nimepotea."

"Umepotea vipi?"

"Nimesimama pale watakapoweka zizi. Nimetazama lango. Nyumba yangu siioni. Naona majabali tu. Nimemuuliza yule mtoto wa kamba, ananiambia, 'Bibi, hiyo ndiyo yako, ni kubwa kama ya zamani.' Nikamwambia hata kaburi linaweza kuwa kubwa."

Hezekia alicheka. Alikuwa tayari ameiona ramani ofisini kwa Selestine, siku ile ile ilipobandikwa. Kona ya banda la ndama, iliyotokeza kulia kwa lango, ilikuwa imetokeza kushoto. Alijua kabla penseli haijakauka jasho la Simioni. Na alikuwa amenyamaza wiki nzima, akingoja mtu wa kumwonyesha alivyo na macho. Mtu huyo sasa alikuwa ameketi kwenye kigoda chake, amechoka, miguu ina vumbi.

"Mama, nipe kiatu chako."

Rhobi akavua kiatu cha tairi cha mguu wa kulia. Hezekia akakiweka chini.

"Nakisukuma. Ni cha mguu gani?"

"Wa kulia."

"Nakizungusha, kisigino mbele. Cha mguu gani?"

"Wa kulia. Unanichezea?"

"Sasa nakigeuza, kamba chini, soli juu. Tazama umbo lake."

Rhobi akainama. Akaweka mguu wake wa kushoto pembeni mwa kile kiatu. Ukalingana nacho.

"Hivyo ndivyo walivyofanya mji wako," alisema Hezekia, sauti yake imejaa utamu. "Hawakuusukuma. Hawakuuzungusha. Simioni amelaza karatasi kifudifudi. Kila mtu ofisini anasema ni sawa kwa sababu wanapima urefu. Urefu haubadiliki! Kinachobadilika ni mkono."

"Kwa hiyo wanataka nitembee juu ya kamba."

"Ndiyo, mama. Vizuri sana. Umeelewa kuliko darasa langu."

"Utasema hivyo barazani?"

Hapo utamu ukapungua. Hezekia alikitazama kile kiatu. "Nitasema."

"Sema jina la Mungu wako."

"Mama, nimeshasema nitasema."

Aliondoka akiwa amenyooka, mwanamke yule. Alimwamini. Hakuna kosa katika kumwamini mtoto uliyemlea. Kosa ni la mtoto.

Keshokutwa yake Selestine alimwita Hezekia nyumbani kwake mchana, akamkalisha kwenye kiti chenye mto. Wakaletewa maini ya kukaanga. Selestine alikula taratibu, akikomba mafuta kwa kidole, kama mtu asiye na neno.

"Mwalimu, padri anasema shule inataka mkuu mpya."

"Nimesikia, mwanangwa."

"Mimi nimo kwenye kamati. Sisemi kitu. Nasema tu nimo." Akatabasamu. "Na hili la wajane. Wazee watataka msomi aziangalie zile karatasi mbili, ya mji wa zamani na ya mji mpya, aseme kama zinalingana."

"Mwanangwa, ule mji ume..."

"Ngoja." Selestine akainua kidole, kile kile cha wakati wa vita. "Sikuombi useme uongo. Mimi ni mtu wa sakramenti. Nakuuliza kama mwanafunzi. Pande zinalingana?"

"Zinalingana."

"Pembe?"

"Zinalingana."

"Ukubwa?"

"Vile vile."

"Basi si useme hayo tu? Kuna dhambi gani hapo? Mambo ya mikono waachie wazee, hayo ni ushenzi wa zamani. Wewe ni mtu wa hesabu."

Unajua Hezekia aliona nini moyoni? Aliona nafuu. Hakuona aibu, wala hakuona hofu. Aliona kama mtu aliyekuwa akitafuta mlango gizani na mkono ukaangukia kitasa. Angesema kweli tupu! Kila neno lingekuwa kweli! Alirudi nyumbani akitembea kwa madaha, na njiani alifanya mazoezi ya kuitamka.

Siku ya baraza ikafika. Wazee walikaa mbele, na Mzee Matiko, aliyekuwa rafiki wa Waitara tangu jando, akakaa katikati yao na fimbo yake. Ramani ilitundikwa kwenye ukuta wa ofisi, na mchoro wa mji wa zamani pembeni yake. Selestine alisema maneno mengi ya serikali, halafu akaita, "Mwalimu Hezekia, njoo utusaidie sisi tusiosoma." Watu wakacheka, maana walimjua mwanangwa alivyosoma.

Hezekia akatoa rula. Akatoa bikari. Akatoa hata kitambaa cha kufutia bikari. Alipima huku, akapima kule, akaandika tarakimu hewani kwa kidole, akafumba macho, akafumbua. Mganga wa kienyeji angekuwa na haya kufanya mbwembwe kiasi hicho.

"Ndugu zangu," alisema. "Pande zote za mchoro wa zamani zinalingana na pande za mchoro mpya. Pembe zote zinalingana. Eneo halikupungua hata shubiri. Kwa mujibu wa hesabu, maumbo haya mawili ni sawasawa."

Makofi. Mikono yako ilikuwamo.

Rhobi akasimama. "Mwanangu, sikukuuliza urefu. Nakuuliza mkono. Mimi niko kulia au niko kushoto?"

"Mama, katika hesabu..."

"Niko kulia au niko kushoto?"

"Hesabu haina mkono, mama."

Halafu kijana mmoja nyuma akapayuka, "Muulizeni kama ina mguu!" na baraza zima likapasuka kwa kicheko, na kicheko kile, angalia hila ya mambo, kilimwangukia Rhobi. Aliyedanganya alibaki amesimama na bikari yake. Aliyedanganywa ndiye aliyechekwa.

"Mbona kwangu ulisema vingine?" Rhobi alisema. "Mbona ulisema wamegeuza?"

Hezekia alitazama ramani. Alitazama rula. Alimtazama Selestine, ambaye alikuwa akitazama mawingu kama mkulima mwema. "Mama amechoka," alisema. "Nilimweleza mambo ya darasani, akayachanganya."

"Mzee Matiko!" Rhobi akageuka. "Wewe ulikunywa pombe kwenye nyumba yangu. Ukiingia lango la Waitara, ulikuwa unaelekea wapi?"

Yule mzee alijua. Aliingia lango lile tangu nywele zake nyeusi. Alitafuna mdomo mtupu, akagonga ardhi kwa fimbo. "Msomi amesema," akajibu. "Sisi tutasema nini?"

Ndivyo wanavyomalizika watu wazima. Kusoma kwa mmoja kukawa pazuri pa kujifichia wengine wote.

Siku ya kuhama, jambo moja likawashinda. Katika ukoo ule, mji haupandi bila moto wake. Mke wa nyumba ya kulia huchukua makaa ya meko yake katika kigae, hutangulia kuingia lango jipya, na ng'ombe hufuata moshi. Kabla moto haujaingia, hakuna mtu anayelala, hakuna ndama anayefungwa. Selestine alimwamuru dada yake, "Wewe ndiye wa kulia sasa. Kachukue moto."

Kezia alikwenda mpaka mlangoni kwa mke mwenzake, mtoto mgongoni. Rhobi alikuwa ameketi mbele ya meko, miguu ameinyoosha.

"Dada," Kezia alisema, "mimi sikuomba hili."

"Najua."

"Wananituma moto."

"Najua wanakutuma. Utachukua?"

Kezia alimkaza mtoto mgongoni. "Ng'ombe wa mume wetu wataniona mwizi," alisema, akarudi na kigae kitupu. Katika habari hii yote, huyo mke mdogo asiyejua kuandika jina lake ndiye peke yake aliyerudisha kitu ambacho si chake. Lakini hakusema neno mbele ya kaka yake. Alikiweka kigae chini, akalia.

Basi unajua Selestine alifanya nini? Alitoa kiberiti mfukoni. Kiberiti cha dukani, cha kuwashia sigara. Akakwaruza njiti mbele ya wazee, akawasha nyasi ndani ya kigae, akamsukumia dada yake mkononi. "Moto ni moto," alisema. "Ni sawasawa. Muulizeni mwalimu."

Na wazee, wale wanaojua majina ya mababu mpaka kizazi ambacho hata jiwe limesahau, wakawatazama ng'ombe. Ng'ombe walikataa lango. Walipigwa mpaka wakaingia.

Rhobi hakupanda. Yuko kule chini mpaka sasa hivi, peke yake katika mji mtupu, anapika kwa moto ule ule, halafu anautia kuni ili usilale. Anasema hatahama mpaka ahamishwe kama alivyo. Si zaidi ya alivyokuwa. Kama alivyo. Amri inasema mji utakaobaki bondeni utachomwa, na Selestine amewaambia tarishi zake watateremka Jumatatu asubuhi. Siku hiyo hiyo bwana shauri anakuja kuipaka ramani wino. Leo bado ni penseli.

Hezekia alimwendea jana saa za mchana. Alisimama nje ya lango, hakuingia.

"Mama, panda tu. Marwa akirudi tutaangalia."

"Marwa akirudi atakuta yeye ni nani?"

"Mambo haya yanarekebishika polepole."

"Wewe unajua yanavyorekebishika. Uliniambia mwenyewe. Yanageuzwa tena."

"Mama, nikisema sasa, watauliza kwa nini sikusema siku ile."

"Acha waulize," alisema Rhobi. "Wewe ujibu."

Hezekia alifuta kiatu chake kwa nyasi. Alisema ana madaftari ya kusahihisha. Akaondoka, na huku anakwenda aliwaza, hili tunalijua kwa sababu amelisema mwenyewe kwa zaidi ya mtu mmoja, kwamba kwa vyovyote vile hakuna mtu anayeweza kuonyesha neno hata moja la uongo katika yale aliyosema juu ya ramani. Huyo ndiye atakayekuwa mwalimu mkuu. Mpeleke mtoto wako kwake, akajifunze kusema kweli jinsi hiyo.

Lakini yatosha kuhusu yeye, yeye ameshajipima. Tunaongea na wewe. Wewe huna cheo unachosubiri, huna maini ya mwanangwa tumboni, na ulilijua lango la Waitara kama unavyojua mlango wa mama yako. Leo ni Jumamosi. Usingoje kanisa liishe, usingoje mvua ikate, usingoje fulani aanze. Mwambie mkeo, mpitie jirani yako, mteremke bondeni sasa hivi, mkae langoni kwa Rhobi mpaka Jumatatu, na tarishi wakija wawakute ninyi. Halafu mpande naye mpaka ofisini, na bwana shauri akifungua kichupa chake cha wino, semeni kwa sauti moja: nyumba ya Rhobi iko kulia. Inuka. Nenda.